Toksoplazma kwa mjamzito: IgG chanya si ugonjwa, na paka anasingiziwa

#1 Kipimo_Sahihi
Wakuu salaam. Naleta hoja, atakayeweza aipangue.

Kuna karatasi za TORCH (kipimo cha damu cha maambukizi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni) zinazunguka sana siku hizi, hasa kwa akina mama walioharibikiwa na mimba. Mstari wa kwanza unasema "Toxo IgG: chanya", na hapo hukumu imeshapita: toxo ndiyo iliyotoa mimba, dozi inaandikwa, paka anatiwa kwenye kiroba anakwenda kutupwa sokoni. Nasema katika karatasi nyingi za namna hiyo hakuna cha kutibu.

IgG ni kingamwili, inakwambia kwamba mwili uliwahi kukutana na Toxoplasma gondii, kimelea kinacholeta toxo. Lini, haisemi. Huenda ni utotoni, kwenye mchanga wa nyuma ya nyumba. Ikishajengeka kwenye damu hubaki maisha yote. Tafiti zilizopima wajawazito Dar es Salaam na Mwanza zilikuta karibu mmoja katika kila watatu anayo, na Paris ya miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya wanane kati ya kumi.

Mama aliyekuwa na IgG kabla ya kushika mimba, kinga yake ikiwa sawa, ana ulinzi tayari. Wa kuangaliwa ni mwenye IgG hasi, maana balaa ni pale maambukizi ya mara ya kwanza yanapomkuta mimba iko tumboni. Ndiyo maana hii ya "mimba tatu zote zimetolewa na toxo" hainiingii akilini. Mara ya kwanza huwa ni moja.

Haya, tiririkeni.

#2 Shangazi wa Buza
Kwa hiyo yule paka akafuatwe sokoni? 😂

#3 Bwana Mifugo
@Shangazi wa Buza akafuatwe, ila asilishwe tena utumbo mbichi wa kuku.

Paka hapati hiki kitu hewani. Anakipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye vimelea. Siku 3 hadi 10 baada ya mlo huo anaanza kutoa ookisti kwenye kinyesi, yaani vijiyai vyenye ganda gumu, mamilioni kwa mamilioni. Anatoa kwa wiki moja hadi tatu, basi. Wengi hawarudii tena kwa wingi ule maisha yao yote. Kwa hiyo paka mkubwa anayelala juu ya kochi ana hatari ndogo sana. Wa kumwogopa ni mtoto wa paka aliyeanza kuwinda mwezi huu.

Jambo la pili ambalo watu hawalijui: kinyesi kibichi bado hakiambukizi. Ookisti zinahitaji siku 1 hadi 5 nje, zikiwa na hewa na unyevu, ndipo zikomae. Trei ya mchanga wa paka ikimwagwa kila siku na kuoshwa kwa maji yanayochemka, umeshakata mnyororo. Ikikaa wiki nzima, umefuga. Kazi hiyo afanye mtu mwingine. Kama mjamzito hana msaidizi, avae glavu na anawe kwa sabuni.

Kumpapasa paka hakumpi mtu toxo. Na mbwa hatoi ookisti kabisa, msije mkaanza na mbwa.

#4 Bi Mswafi wa Lamu
Shukrani Bwana Mifugo. Huku kwetu paka ni wengi na hawana mwenyewe, na paka si najisi, hatumfukuzi mtu. Lakini mwenye paka asiye na trei afanyeje? Hawa wanafukia popote: bustani ya mchicha, chungu cha mrehani, na zaidi lile rundo la mchanga wa ujenzi nje ya mlango. Mchana watoto wanachezea hapo hapo.

#5 Bwana Mifugo
Bi Mswafi umegusa penyewe. Rundo la mchanga wa ujenzi ndilo trei kubwa la mtaa. Lifunikwe turubai usiku na kingo zibanwe kwa mawe. Ookisti zikishakomaa kwenye udongo wenye kivuli na unyevu hudumu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Jua kali na ukavu ndivyo vinavyoziua. Kwenye mchicha: glavu wakati wa kupalilia, na kucha zikatwe fupi. Mtu anapalilia, anaingia ndani, anakula embe kwa mkono ule ule, ndiyo njia yenyewe.

#6 Kaka Mutura
Wadau, mnapiga stori za paka na ngoma iko kwa nyama. Kuna utafiti wa Ulaya uliotoka mwaka 2000, walilinganisha wajawazito walioambukizwa na wasioambukizwa katika miji sita. Nyama isiyoiva vizuri ilibeba kati ya asilimia 30 na 63 ya maambukizi. Kugusa udongo, asilimia 6 hadi 17. Kuishi na paka hakukutoka kama sababu. Mwachilieni paka, fungeni buchari 😄

#7 Bwana Mifugo
@Kaka Mutura utafiti ni huo, naukubali, ila ni wa Ulaya. Kule watu wanaonja nyama ya kusaga mbichi, wanakula kondoo aliye mwekundu katikati. Mama wa Singida anachemsha nyama hadi inaachia mfupa. Sasa huyo IgG ameitoa wapi? Mimi nasema udongo na maji.

#8 Kaka Mutura
Kwa ubao. Nyama inachemka, sawa, lakini ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi ndivyo vinavyokata nyanya za kachumbari, na kachumbari haipikwi. Nenda kibanda chochote cha choma ukaangalie: kisu kimoja, ubao mmoja, kitambaa kimoja cha kupangusia vyote viwili.

Halafu mishkaki si taabu sana, ni vipande vidogo. Taabu ni paja zima la mbuzi. Nje limeungua, karibu na mfupa bado linatoa maji ya waridi, mwenye kibanda anakwambia "hii ni laini, ya wenyewe". Mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) ikichemshwa kwanza ndipo ikapita kwa makaa ni afadhali. Ile inayotoka mbichi moja kwa moja hadi kwa makaa huiva ganda tu.

Ukiwa na kipimajoto cha nyama, kichome hadi katikati bila kugusa mfupa: nyuzi 63 kwa kipande kizima kisha ipumzike dakika 3 kabla ya kukatwa, nyuzi 71 kwa ya kusaga, nyuzi 74 kwa kuku. Kama huna, ikate katikati. Uwekundu ukiwepo au maji yakitoka na rangi, irudi jikoni.

#9 Shangazi wa Buza
Na kitimoto je? Naulizia rafiki yangu.

#10 Bwana Mifugo
Mwambie rafiki yako nguruwe, mbuzi na kondoo ndio wanaotajwa zaidi kwa vivimbe vya toxo (vifuko vidogo vya kimelea) kwenye nyama. Ng'ombe ni kidogo. Nguruwe anayezurura anakula hadi panya waliokufa, hesabu mwenyewe. Kitimoto cha kukaangwa vipande vidogo hadi kikauke hakina neno, cha "nusu kaanga" ndicho chenye neno. Kuku wa kienyeji naye anachokora udongo siku nzima, kwa hiyo anayepasua kuku anawe kabla hajashika kitu kingine. Maziwa mabichi ya mbuzi yachemshwe. Hapo unajikinga na ugonjwa wa brusela pia.

#11 Mama Friza
Kugandisha kunasaidia? Nasikia friza inaua.

#12 Kaka Mutura
Inaua vivimbe vya kwenye nyama, kama ni friza kweli. Katikati ya nyama pafike nyuzi 12 chini ya sifuri au zaidi, pakae hivyo siku tatu. Kile kisanduku cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki huko. Na bonge la kilo tano linaganda nje, ndani bado laini. Gawa vifurushi vyembamba, nusu kilo nusu kilo, visipandane. Umeme ukikatika usiku kucha, anza kuhesabu upya.

Kugandisha hakusaidii kwa mboga. Zile ookisti za Bwana Mifugo baridi hiyo hazijali.

#13 chapati mbili
Mboga si tunalowesha kwenye maji ya chumvi na siki, inatosha?

#14 Bwana Mifugo
Haitoshi. Siki haiziui, chumvi haiziui, hata klorini ya kipimo cha maji ya kunywa haiziui. Kinachosaidia kwenye majani ni maji yanayotiririka na kusugua jani kwa jani ili zitoke, au moto. Kachumbari: menya tango, nyanya zisugue chini ya bomba. Saladi ya hotelini mjamzito aiache tu.

#15 DokiWaWodi
Nzuri, ila uzi umegeuka wa mapishi. Turudi wodini kidogo.

Mama akiambukizwa mara ya kwanza, kimelea kinapita kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Uwezekano wa kupita unapanda kadri mimba inavyokua: akiambukizwa wiki ya 13 ni kama asilimia 15, wiki ya 26 kama 44, wiki ya 36 zaidi ya 70. Madhara yanakwenda kinyume chake. Aliyepata mapema ndiye anayeumia zaidi: mimba kutoka, mtoto kufia tumboni, kichwa kikubwa, madoa ya chokaa kwenye ubongo, makovu kwenye retina (pazia la ndani ya jicho). Aliyepata mwishoni mara nyingi anazaliwa akionekana mzima kabisa.

Kwa hiyo miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuogopwa.

#16 Mzee wa Takwimu
@DokiWaWodi namba ni sahihi, hitimisho ndilo linalochechemea. Ukitaka kujua nani ana nafasi kubwa ya kupata mtoto mwenye dalili, lazima uzidishe mambo mawili: uwezekano wa kupita na uwezekano wa kuumia. Mapema kimelea kinapita kwa nadra, mwishoni kinapita sana ila kinaumiza kidogo. Mzidisho huo ulipofanywa kwa wanawake wa Ufaransa, kilele kilikuwa wiki ya 24 hadi 30, karibu asilimia 10. Anayeambiwa "umeshavuka miezi mitatu, kula utakavyo" amedanganywa.

#17 DokiWaWodi
Nakubali kwa dalili kwa ujumla wake. Kwa ubongo kuharibika vibaya nabaki na miezi ya mwanzo. Tumeelewana nusu.

#18 Binti Ukerewe
Mleta uzi, IgM, ile kingamwili ya mwanzo, je? Ikiwa chanya si ndiyo maambukizi mapya?

#19 Kipimo_Sahihi
Hapo ndipo watu wanapoumizwa. IgM ya toxo inaweza kukaa kwenye damu zaidi ya mwaka, na kuna chanya za uongo, mfano kwa mwenye kingamwili za baridi yabisi. Kwenye kaseti za haraka kuna kosa lingine: mstari hafifu unaojitokeza baada ya muda wa kusoma kupita. Kama maelekezo yanasema dakika 15, ya dakika 40 si majibu.

Chukua mfano: mama wa wiki 10, IgG chanya ya juu, IgM chanya hafifu. Usiandike dawa, omba aviditi. Hicho kinapima IgG zinavyokishika kimelea. Maambukizi yakiwa mapya mshiko ni legelege, miezi ikipita unakaza. Aviditi ikiwa ya juu, maambukizi yana zaidi ya miezi minne hivi. Wiki 10 ukitoa miezi minne, unaangukia kabla ya mimba. Kesi imefungwa.

Aviditi ikiwa ya chini, haithibitishi upya. Kwa wengine hubaki chini kwa miezi mingi. Hapo unachukua damu ya pili baada ya wiki 2 hadi 3, na zote mbili zinapimwa siku moja, mashine moja. Kwa hiyo fundi aliye makini anatunza seramu (maji ya damu) ya kwanza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. IgG ikipanda mara nne, au ikitoka hasi kwenda chanya, hiyo ni mpya. Kulinganisha karatasi ya maabara hii na ya maabara ile ni kupoteza muda, vipimo vya kampuni tofauti havina namba moja.

Na damu ya mapema ina thamani kubwa. Mama akija wiki ya 30 ndipo apimwe, aviditi ya juu haikwambii chochote kuhusu wiki ya 8. Wengi wetu tunaanza kliniki mimba imeshaonekana kwa majirani, dirisha limefungwa.

#20 chapati mbili
Mshiko legelege nao ni ugonjwa, mwisho wa mwezi tunaumwa wote 😂😂

#21 Mkunga wa Lyon
Salaam kutoka Ufaransa. Huku mjamzito asiye na IgG anapimwa kila mwezi hadi kujifungua. Ni sharti tangu 1992, na upimaji wenyewe ulianza kabla ya hapo. Austria walianza 1975. Uingereza na Marekani hawapimi wote. Nchi tajiri zote hizo, na hazijakubaliana.

Damu ikigeuka kuwa chanya, mama anaanzishiwa spiramisini mara moja, maana dawa hiyo hujikusanya kwenye kondo la nyuma. Kisha maji ya chupa ya uzazi, yanayomzunguka mtoto, huvutwa kwa sindano na kupimwa PCR (kutafuta vinasaba vya kimelea), lakini mimba iwe imefika wiki 18 na ziwe zimepita angalau wiki 4 tangu maambukizi. Ukivuta mapema unapata hasi ya uongo. PCR ikiwa chanya, mama anahamishiwa dawa za pairimethamini na sulfadiazini, na ultrasaundi ya kichwa cha mtoto inarudiwa kila mwezi.

#22 Mfamasia wa Chumbageni
Niongezee kipande cha duka la dawa, kwa sababu hapa ndipo dozi zinapopotea.

Spiramisini ni gramu 1 kila saa 8, sawa na yuniti milioni 9 kwa siku. Kuna tembe ya yuniti milioni 3 na kuna ya milioni 1.5. Cheti kikiandikwa "tembe 1 x 3" bila nguvu yake, na duka likawa na ile ya milioni 1.5, mama anakunywa nusu dozi kwa mwezi mzima bila kujua. Daktari aandike yuniti, asiandike tembe.

Pairimethamini haitolewi miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya wiki 14 hadi 18, kutegemea mwongozo: miligramu 50 mara mbili kwa siku 2, kisha 50 kwa siku, sulfadiazini miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili mara mbili kwa siku, isizidi gramu 4, na asidi ya foliniki miligramu 10 hadi 20 kila siku, iendelee wiki moja baada ya dawa kuisha. FBP (kipimo cha damu kamili) kila wiki, maana dawa hii inabana uboho. Maji mengi, kwa sababu sulfadiazini inaweza kuganda chembechembe kwenye figo. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD asipewe bila kufikiriwa mara mbili.

Na foliniki si foliki. Zinafanana jina, lakini foliki inaipunguza nguvu pairimethamini, foliniki haiipunguzi. Kubadilisha moja kwa nyingine kwa sababu "zote ni folati" ni kumnyima mtoto dawa.

#23 Binti Ukerewe
Pairimethamini si ndiyo iliyomo kwenye SP tunayomezeshwa kliniki kwa malaria? Basi wajawazito wa huku wana kinga bila kujua.

#24 Mfamasia wa Chumbageni
Ni hiyo hiyo. SP tembe tatu zina pairimethamini miligramu 75 na sulfadoksini 1,500, kuanzia wiki ya 13, zikipishana angalau mwezi. Zinakaa mwilini muda mrefu, sulfadoksini zaidi. Kwa hiyo hoja yako ina uzito: kimelea kikiingia wiki ya dozi, kinakuta dawa mlangoni.

#25 DokiWaWodi
Napinga. Dozi moja kwa mwezi hailingani na ya kila siku, na wiki ya mwisho kabla ya dozi inayofuata pairimethamini imeshaisha. Zaidi ya hapo, SP inaanza wiki ya 13, na madhara makubwa yanatokana na maambukizi ya kabla ya hapo. Kuiita SP kinga ya toxo ni kuwalaza watu.

#26 Mkunga wa Lyon
Kati yenu: huku Fansidar, ambayo ni SP hiyo hiyo, imetumika kwa miaka kutibu watoto waliozaliwa na toxo, kila siku 10, pamoja na foliniki. Kila siku 10, si kila mwezi. Kwa hiyo dawa inakifikia kimelea. Swali ni mpishano.

#27 Mfamasia wa Chumbageni
Asante, hapo nimepata silaha 😄 Ila wote tukumbuke mawili. Aliye kwenye kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP juu yake, na aliye kwenye sulfadiazini vivyo hivyo. Na mama anayemeza foliki ya miligramu 5 kila siku anaidhoofisha SP hata kwa malaria. Kiwango cha kawaida cha ujauzito ni 0.4.

#28 Binti Ukerewe
Nauliza tena basi: udongo. Wajawazito wanakula pemba, yale mawe ya udongo, kila siku. Si ndiyo inayoleta?

#29 Bwana Mifugo
Inategemea ni udongo gani. Ookisti zinakaa juu, pale paka alipofukia, sentimita chache. Mawe ya pemba yanachimbwa chini, yanakaushwa, mengine yanachomwa. Kwenye jiwe lenyewe sina wasiwasi sana. Wasiwasi ni sokoni: linapangwa chini kwenye kiroba, paka wa soko analala juu yake, linarashiwa maji ya dumu. Anayechota udongo wa ukuta au wa kichuguu uani kwake yuko pabaya zaidi.

#30 Mzee wa Takwimu
Na kuna mtego wa hesabu. Anayekula udongo mara nyingi ndiye pia anayelima na anayechota maji kisimani. Ukiona IgG nyingi kwa wala udongo, hujui ni pemba, jembe au kisima. Na maji msiyadharau: mwaka 1995 Victoria, Kanada, mji ulipata mlipuko, na bwawa la maji ya bomba ndilo lililotuhumiwa, na klorini ilikuwemo. Maji ya kisima yachemshwe au yachujwe vizuri, klorini peke yake haitoshi.

#31 Kaka Mutura
Sasa imekuwa paka, nyama, ubao, mchicha, pemba na kisima. Bado hewa tu.

#32 DokiWaWodi
Kabla hatujasahau, hoja ya #1 ina tundu moja: "kinga yake ikiwa sawa". Mama mwenye VVU ambaye CD4 (chembe za kinga) zimeshuka sana, chini ya 100 hasa, vivimbe vya zamani vinaweza kuamka, vikamshambulia ubongo yeye mwenyewe, na kwa nadra kumfikia mtoto. Kwake IgG chanya ina maana. Aanze ARV, asiache kotrimoksazoli, na kichwa kikimuuma pamoja na homa au upande mmoja wa mwili kulegea, asingoje kliniki ya mwezi ujao.

#33 Kipimo_Sahihi
Nakazia, tundu nalikubali.

#34 Neema wa Pwani
Na zile mimba tatu zinazotoka, kama si toxo ni nini?

#35 DokiWaWodi
Mimba za mwanzo zinazotoka, karibu nusu ni kromosomu za kijusi kutopangika. Zikirudiarudia, angalia kingamwili za antifosfolipidi (zinazochochea damu kuganda), umbo la mfuko wa uzazi, tezi ya shingo, sukari. Zinazotoka baada ya wiki 20, pima kaswende na malaria kwanza, ni rahisi na vinatibika. TORCH iwe mwisho kabisa wa foleni.

#36 Mkunga wa Lyon
Na mtoto akizaliwa msimpime IgG mkaogopa. IgG ya mama inavuka kondo, inapungua polepole, inaisha kufikia mwaka mmoja. Kwa mtoto pima IgM na IgA (kingamwili ambazo hazivuki kondo), piga ultrasaundi kupitia utosi, na daktari wa macho atazame retina. IgG ikipanda badala ya kushuka, ni yake. Matibabu ni miezi 12. Macho yafuatiliwe miaka mingi, kwa sababu kidonda cha retina kinaweza kutokea shuleni, hata balehe. Kama mama alikuwa kwenye sulfa karibu na kujifungua, mtoto aangaliwe manjano siku za kwanza.

#37 Neema wa Pwani
Kwa nini basi kliniki zetu zisipime wote kama Ufaransa? Wanapima VVU, kaswende na damu, wangeongeza na hiki.

#38 Mzee wa Takwimu
Ukipima unaahidi kutibu, na matibabu yenyewe yana maswali. Jaribio la Ufaransa lililotoka 2018 lililinganisha pairimethamini na sulfadiazini dhidi ya spiramisini: watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 18.5 upande mmoja na 30 upande mwingine, wanawake 143 tu, tofauti haikufika kiwango cha kuaminika kitakwimu. Sasa chukua hiyo upime mamilioni, halafu IgM za uongo zikukute hakuna aviditi. Utatibu wasioumwa.

#39 Mkunga wa Lyon
18.5 dhidi ya 30 si kitu cha kutupa, jaribio lilisimamishwa kabla halijafikisha idadi. Na hata bila dawa, mama anayejua kwamba ni hasi anaacha nyama ya waridi na anavaa glavu. Hapa Ufaransa wenye IgG wameshuka hadi kama asilimia 31 mwaka 2016, yaani wasio na ulinzi ndio wengi. Na kwenu mtafika huko, kadri watu wanavyohamia ghorofani.

#40 Bwana Mifugo
Kwa hela hiyo hiyo nifundishe wenye buchari wasitupie paka mabaki mbichi. Kiini kimoja cha mjadala huu ni ubao wa Kaka Mutura, kingine ni machinjio.

#41 Binti Ukerewe
La mwisho kwangu. Aliyethibitika amepata sasa, na hana mimba, asubiri muda gani kabla ya kushika mimba?

#42 DokiWaWodi
Wengi tunasema miezi 6.

#43 Kipimo_Sahihi
Mimi ningepima aviditi mwezi wa nne. Ikiwa juu, namruhusu.

#44 DokiWaWodi
Na ikiwa chini? Wewe mwenyewe umesema #19 kwamba inaweza kubaki chini miezi mingi. Utamfungia mtu mwaka mzima kwa karatasi. Miezi 6, foliki ya 0.4, aendelee na maisha.